Bagi zangu za uyoga zimegeuka kijani, uchafu umeingilia wapi?

Dada mmoja wa Manyatta hapo Kisumu ameniandikia, nafupisha swali lake. Alichukua makapi ya miwa upande wa Kibos, akayachemsha kwa pipa kuanzia asubuhi mpaka mchana, jioni akayamwaga kwa turubai nje ya nyumba yapoe usiku, kesho yake akachanganya na pumba ya ngano, akaweka mbegu ya uyoga wa oista (zile punje za nafaka zilizoshikwa na nyuzi nyeupe za uyoga) na kujaza bagi 30, akazipanga kwa stoo ya mabati iliyopakana na banda la kuku. Wiki ya pili bagi nyingi zimeshika kijani, zingine ziko na unga wa rangi ya machungwa hapo mdomoni, nne tu ndizo ziko nyeupe safi. Anauliza uchafu umetoka wapi, kama ni lazima anunue ile mashine kubwa ya mvuke ndio afaulu, na kama anaweza kukata sehemu ya kijani aendelee na kilichobaki.

Pole sana dadangu, najua hiyo ni pesa na ni jasho lako. Lakini hizo bagi nne nyeupe usizichukulie kama bahati tu, ndizo zinaniambia mambo mengi. Mbegu ilikuwa moja, imetoka kwa pakiti hiyo hiyo, na kama nne zimeshika vizuri mpaka chini basi mbegu yako ilikuwa hai na huenda haikuwa na shida kabisa. Mashine pia usinunue, sio sasa. Watu wengi huku magharibi wanakuza oista kwa pipa, gunia na moto wa kuni na wanavuna vizuri tu, na nimeona wengine wako na mashine ya bei na bado wanatupa bagi kila mwezi kwa sababu wanazifungulia pahali pachafu. Shida yako iko kati ya ile saa ulitoa makapi kwa moto na ile saa ulipanga bagi kwa stoo.

Kwanza elewa hii kitu kwa sababu mengine yote yanatoka hapo. Mbegu za ukungu ziko kila mahali, kwa hewa, kwa nywele zako, kwa nguo, kwa vumbi la barabara, huwezi kuzimaliza na hauhitaji kuzimaliza. Unachofanya ni kupunguza hizo zilizo ndani ya makapi halafu uhakikishe uyoga wako ndio umefika wa kwanza, tena umefika kwa wingi na umepata mazingira ya kukimbia. Makapi yaliyochemshwa ni kama ploti iliyofyekwa, wa kwanza kuweka fensi ndio mwenyewe. Sasa wewe ulifyeka ploti vizuri halafu ukaiacha wazi usiku mzima, kwa turubai, nje, karibu na kuku, na mbegu yako ikaja kesho yake asubuhi ikakuta wenyewe walishaingia zamani. Nikiangalia hii kazi yako yote, huo usiku mmoja ndio umekugharimu kuliko kitu kingine chochote.

Ukungu uko na njia yake ya kuingia, na ukiangalia umeota wapi kwa bagi na siku ya ngapi unaweza kurudi nyuma mpaka ujue ni wapi uliuachia mlango. Kwa hivyo kabla hujatupa hizo bagi zitoe nje moja moja bila kuzifungua, uziangalie kwa mwanga wa mchana. Kijani ikiwa imeanzia kwa punje za mbegu zenyewe, yaani kila punje imezungukwa na kijani na makapi ya katikati bado ni masafi, hapo mbegu ndio ilikuja nayo ama mikono yako wakati wa kuivunja. Ikiwa kijani iko chini tu, pale bagi imekaa, hayo ni maji, ulijaza makapi yakiwa mabichi sana yakachuruzika yakatulia chini, na uyoga hauwezi kupumua ndani ya maji lakini ukungu na bakteria wanajipenda hapo. Ikiwa imeota madoa madoa kila mahali, juu, chini, katikati, na ilianza ndani ya wiki moja hivi, makapi yenyewe hayakuiva vizuri ama yalichafuka yakipoa. Na ikiwa imeota tu pale kwa mashimo ama mdomoni baada ya bagi kuwa nyeupe tayari, hewa ya chumba ndio chafu, ama nzi, ama ulikuwa unamwagia maji mengi. Kwa maelezo yako naona ni ile ya madoa kila mahali, ndio maana nasema ni turubai. Lakini angalia mwenyewe, huenda pia ziko za chini.

Kitu kingine watu wanachanganya, ile kijani haianzi ikiwa kijani. Huo ukungu unaitwa Trikoderma na siku za kwanza uko mweupe kama uyoga wako, tofauti ni kwamba weupe wake umeshikana sana pahali pamoja kama pamba iliyobanwa, halafu baada ya siku chache katikati inageuka kijani kwa sababu sasa imeanza kutoa mbegu zake. Ukishaona kijani ujue mamilioni ya mbegu ziko tayari kupeperuka. Kuna nyingine nyeusi ama ya manjano chafu, hiyo mara nyingi ni Aspajilasi, usiinuse hata kidogo, nitaeleza huko mbele. Kuna nyuzi ndefu za kijivu ziko na vichwa vidogo vyeusi kama sindano, hiyo ni ile ya mkate ulioharibika. Lakini sio kila rangi ni ugonjwa. Bagi ikitoa matone ya maji ya manjano ama kahawia hafifu na nyuzi bado ni nyeupe, hiyo mara nyingi ni jasho la uyoga wenyewe, labda umeshika joto ama unapigana na kitu, iangalie lakini usiitupe.

Sasa hiyo ya rangi ya machungwa nataka niizungumzie sana kwa sababu nyinyi watu wa ukanda wa miwa, Kibos, Chemelil, Muhoroni, mpaka huku Mumias, inawasumbua kuliko watu wa Nakuru wanaotumia majani ya ngano ya Njoro na Rongai. Inaitwa Nyurospora. Ni ukungu unaojulikana kuota kwa mimea iliyochomwa moto, ukipita shamba la miwa lililoungua baada ya mvua unaweza kuuona kwa mabua, na ubaya wake ni kwamba aina fulani ya mbegu zake zinalala na joto ndio linaziamsha. Yaani wewe unapasha makapi moto kidogo ukidhani unaua, kumbe unabisha hodi. Halafu unakimbia vibaya, unaweza kusonga sentimita kadhaa kwa siku moja, unatokea kwa pamba ya mdomo wa bagi ikiwa imeloa, na kutoka hapo unga wake unapeperuka kwa bagi zingine zote kwa stoo. Ukiona machungwa hata kwa bagi moja usingoje jioni. Chukua kitambaa kilicholoweshwa spiriti, funika hapo mdomoni polepole usitikise, ingiza bagi yote ndani ya gunia ama plastiki nyingine, funga, peleka mbali kabisa na ufukie ama uchome. Halafu uangalie pamba za bagi zilizobaki, iliyoloa ibadilishe na kavu.

Makapi ya miwa yako na jambo lingine pia, yanabaki na sukari. Sukari ni chakula rahisi, ukungu unaila haraka kabla uyoga haujaanza kusaga zile nyuzi ngumu za miwa. Kwa hivyo usiyatumie yakiwa yametoka kiwandani jana. Yaloweke usiku, umwage hayo maji, usuuze mara moja tena, ndio uanze kazi. Na chagua yale makavu yasiyokuwa na madoa, rundo ambalo limenyeshewa na limeanza kunuka uchachu liache huko huko. Kama unaweza kupata majani ya mpunga ya Ahero ama majani makavu ya maharagwe, kwa mtu anayeanza ningependa uanze na hayo, yanasamehe makosa mengi. Magunzi ya mahindi pia ni mazuri lakini lazima uyapondeponde na uyaloweke vya kutosha maana katikati yakibaki makavu joto haliingii.

Tukuje kwa moto. Watu wanasema chemsha sana, saa sita, saa nane, lakini kwa majani ambayo hujachanganya na pumba hauhitaji hivyo. Unataka maji ya joto la kati ya nyuzi 65 na 80, majani yakae humo saa moja mpaka moja na nusu, usianze kuhesabu mpaka katikati ya gunia pawe pamefika hilo joto. Joto hilo linaua ukungu mwingi na wadudu na mayai yao, lakini linaacha bakteria fulani wanaopenda joto, na hao wanasaidia kushikilia nafasi ukungu mwingine usipate pa kuingilia. Ukichemsha mpaka kila kitu kife unabaki na chakula kitupu kisicho na mlinzi, hapo lazima ufunge kila kitu kama maabara. Tafuta themomita, hata ile ya jikoni, ni bei rahisi kuliko bagi mbili zilizooza.

Lakini pumba ikiingia hesabu inabadilika. Pumba ya ngano iko na nitrojeni nyingi na inaongeza mavuno kweli, aliyekuuzia hakukudanganya, lakini inalisha kila mtu, na wewe uliiongeza ikiwa mbichi, asubuhi, baada ya kuchemsha. Pumba mbichi imejaa mbegu za ukungu, hapo ni kama ulichanganya ukungu kwa mkono. Kama lazima utumie pumba, ichanganye kabla ya moto, isizidi kilo 5 mpaka 10 kwa kila kilo 100 za makapi makavu, halafu ujaze kwa bagi za kustahimili joto, ufunge mdomo na pamba, na hizo bagi ndizo uziweke kwa mvuke ndani ya pipa, juu ya wavu ama mawe zisiguse maji, saa nne mpaka sita baada ya mvuke kuanza kutoka kwa nguvu. Hapa kuna faida kubwa moja, bagi inapoa ikiwa imefungwa, haioni turubai wala kuku. Chunga tu maji ya chini yasikauke, weka ya kutosha kutoka mwanzo, na ukiongeza ongeza yaliyochemka.

Na mkumbuke sisi hatuishi Mombasa. Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari na maji yanachemka kwa nyuzi 96 hivi, Nakuru iko juu zaidi, kama mita 1,850, huko yanachemka kwa 94. Kwa mvuke wa pipa hiyo inamaanisha unaongeza muda kidogo kuliko vile maandishi ya ng'ambo yanasema. Hata ukitumia presha kuka kwa ile presha ya 15 (paundi kwa inchi ya mraba) inayosemwa inatoa nyuzi 121, huku kwetu inakuwa kama 119 Kisumu na 118 Nakuru, kwa hivyo wale wanaotengeneza mbegu yao ya nafaka waongeze nusu saa hivi. Na ukitengeneza mbegu loweka hiyo mtama ama ngano kwa maji usiku mzima kabla ya kupika, kuna bakteria wanaojifunga kwa ganda gumu ambalo kuchemsha kwa kawaida hakuvunji, lakini wakilowekwa wanaamka na kutoka kwa ganda, hapo moto unawapata. Mbegu inayonata na kunuka uozo mara nyingi ni hao. Lakini dada, kwa sasa usijitengenezee mbegu, nunua.

Kuna njia ya chokaa pia, isiyotumia moto, na kwa mtu wa Manyatta ambaye makaa ni gharama naipenda sana. Unachukua chokaa ya wajenzi, ile nyeupe laini iliyozimwa, sio chokaa ya shamba. Hapo wengi wanakosea, chokaa ya shamba ni nzuri kwa udongo lakini haiwezi kufanya maji yawe makali vya kutosha. Nusu kilo kwa pipa ya lita 200, koroga vizuri, zamisha gunia la majani uweke jiwe juu yasielee, acha saa 12 mpaka 18, toa, tundika gunia lichuruzike. Maji yanakuwa makali mpaka pH 12 hivi, ukungu mwingi haustahimili hiyo, lakini baada ya kuchuruzika makali yanapungua polepole na uyoga wa oista unavumilia kuliko ukungu. Vaa glavu na ulinde macho kabisa, chokaa ikiingia jichoni ni hatari, na watoto wasikaribie hiyo pipa. Hayo maji usimwage kwa sukuma wala kwa mtaro unaoenda mtoni. Chokaa iwe imefungwa kwa pakiti, iliyokaa wazi inapoteza nguvu. Na njia hii ni ya majani matupu, ukitia pumba haitoshi.

Maji ya ndani ya majani ndio kitu cha pili kinachowaangusha watu baada ya kupoza. Chukua konzi moja, kamua kwa nguvu zako zote. Ikitoka matone machache kati ya vidole, sawa. Ikitoka mchirizi, tundika gunia uende ukapumzike, usijaze kwa sababu jioni imefika. Isipotoka kitu kabisa na mkono haujaloa, uyoga utashindwa kusafiri. Unapoza majani yakiwa ndani ya gunia lile lile safi, limetundikwa na kufunikwa na shuka iliyofuliwa na kupigwa pasi, mpaka katikati pawe chini ya nyuzi 30, hiyo kwa kawaida ni saa chache tu, na unaweka mbegu siku hiyo hiyo. Usilaze.

Siku ya kuweka mbegu panga hivi. Kuku walishwe na mtu mwingine, ama uwalishe halafu uoge, kichwa pia, uvae nguo zilizofuliwa, funga leso kichwani. Chumba kipigwe deki ya maji jana yake, usifagie kavu siku hiyo maana unarusha vumbi lote juu. Funga dirisha, zima feni, acha hewa itulie hata nusu saa kabla uanze. Meza ioshwe kwa sabuni kwanza halafu upanguse na Jik uliyopunguza makali, sehemu moja kwa tisa za maji, sababu Jik haifanyi kazi vizuri juu ya uchafu. Mikono na glavu paka spiriti, ile ya asilimia 70, na usidhani yenye makali zaidi ni bora, ile ya 99 inakauka haraka kabla haijaua, ni hayo maji kidogo yanaisaidia kuingia. Spiriti na jiko la moto visikaribiane kabisa, na usiwashe jiko la makaa kwa chumba ulichofunga, moshi wake usioonekana unaua watu. Pakiti ya mbegu ivunjevunje kwa nje kabla hujaifungua ndio ikae wazi muda mfupi. Usiongee juu ya bagi, na kama uko na homa mwombe mwingine akufanyie.

Mbegu yenyewe iangalie dukani kabla utoe pesa. Iwe nyeupe yote, inuke kama uyoga mbichi, isiwe na maji ya kunata chini wala doa la kijani ama jeusi hata moja, na uulize ilitengenezwa lini. Chuo kikuu cha JKUAT pale Juja wamekuwa wakiuza mbegu, na wako watu wengine, lakini popote unaponunua kama ni safari ndefu usiiache kwa buti ya gari kwa jua. Kwa joto la Kisumu omba aina inayovumilia, kama ile inayoitwa Pleurotus pulmonarius, sio ile ya baridi. Na usiwe mchoyo, kilo moja ya mbegu kwa kilo 15 mpaka 20 za majani yaliyoloa, ukianza weka karibu na 15. Watu wanapunguza mbegu kuokoa pesa kidogo halafu uyoga unachukua mwezi kufunika bagi ambayo ungeifunika kwa wiki mbili, na hizo wiki mbili za ziada ukungu haulali.

Stoo yako sasa. Mabati bila dari kwa Kisumu saa nane mchana, dada huo ni moto. Nyuzi za uyoga zinapenda joto la kati ya 20 na 28, na kumbuka bagi inapokula inatoa joto lake, ndani inaweza kuwa juu ya chumba kwa nyuzi kadhaa. Ikipita 30 Trikoderma inafurahi, ikikaribia 35 uyoga wako unaanza kuumia. Ukipanga bagi zimebanana na ni nono, zile za katikati zinapikwa. Tumia bagi nyembamba, upana wa sentimita 15 mpaka 20 inatosha, zitenganishe hata vidole vinne, weka dari ya magunia ama makuti, na uangalie joto saa nane mchana kwa siku kadhaa kabla hujaleta bagi nyingine. Mara nyingine chumba cha tope na nyasi huko nyumbani ni bora kuliko stoo ya mjini, mimi ningechagua hicho. Na hapo karibu na kuku kuhama ni lazima, kuku wanaleta vumbi, utitiri, wale wadudu wadogo sana wanaobeba ukungu miguuni, na nzi.

Nzi nao wachunge hasa bagi zikianza kutoa uyoga. Kuna wale wadogo weusi wanaonekana kama mbu wachovu, wanataga kwa mashimo, funza wao wanakula nyuzi na wanapita wakisambaza ukungu bagi hadi bagi. Neti ya mbu ya kawaida wengine wanapita, weka mara mbili, na utundike karatasi za manjano zilizopakwa mafuta ya kunata. Wakati huo wa kutoa, maji nyunyizia kuta na sakafu, sio uyoga wenyewe, na upitishe hewa ukauke kidogo kati ya kunyunyizia na kunyunyizia, vichwa vikikaa na maji vinatoka madoa ya kahawia ya kuteleza, hao ni bakteria. Maji yawe ya bomba ama yaliyochemshwa, sio ya ziwa moja kwa moja. Uyoga ukishavuna usiache vikonyo kwa shimo, vinaoza na kijani inaanzia hapo. Bagi iliyovunwa raundi mbili tatu kuanza kijani ni kawaida, imechoka, itoe.

Sasa hizo bagi zako. Kukata sehemu ya kijani uendelee, hapana, ile kijani unayoona ni mwisho wa mzizi, ndani ishasambaa, na ukifungua tu umepulizia zile nne nzuri. Hizo nne zihamishe leo kwa chumba kingine. Kama kuna bagi iko na kidoa kimoja kidogo kama shilingi na kwingine kote ni nyeupe, unaweza kuitenga peke yake nje kwa kivuli uone, wakati mwingine oista inakizunguka na kutoa mavuno. Uyoga mzima uliotoka mbali na doa, mgumu, usio na harufu, ukipikwa vizuri watu wanakula, lakini uliogusana na ukungu ama uliolegea mimi siwezi kuwapa watoto wangu na sitakuambia uwape wako. Na ukikuta umeota uyoga mwembamba ambao kichwa chake kinayeyuka kuwa wino mweusi, huo sio wako, usiule, ni dalili makapi yalikuwa mabichi sana ama yako na samadi na moto haukutosha.

Zilizobaki zifunge, zipeleke mbali na upepo usirudi nyumbani, fukia ama changanya kwa mboji ya shamba lisilo karibu. Vaa maski. Sikutishi, lakini vumbi la hizo kuvu, hasa ile nyeusi na ya manjano, linaweza kuumiza mapafu, na mtu wa pumu asishughulike nalo kabisa. Hata mbegu za oista yenyewe ikichelewa kuvunwa zinajaza chumba na zinaleta kikohozi, vuna kabla kingo za kofia hazijakunjuka kuwa bapa. Stoo osha kwa sabuni, halafu Jik, halafu iache wazi na kavu wiki moja kama unaweza.

Ukirudia usijaze 30. Fanya kumi, tano za majani ya mpunga kwa chokaa na tano za makapi ya miwa kwa mvuke, bila pumba zote mbili, uandike kwa kila bagi tarehe, njia, na nani alijaza, kisha kila baada ya siku tatu uziangalie kwa nje na uandike umeona nini na wapi. Kama kuna itakayogeuka rangi nitumie picha ya bagi nzima, chini na mdomo vionekane, na uniambie ni siku ya ngapi.